Mwaka Niliofungiwa na Pijo ya Bluu

Tulimzika Dorika Khavere wiki iliyopita, na kijana aliyesoma wasifu wake alisema marehemu alikuwa mama wa nyumbani, mpole, asiyependa kutembea. Nilijifunika mdomo kwa leso. Truphena, jirani yangu aliyeketi karibu nami, alidhani nalia, akanipapasa mgongo na kuniambia, "Jikaze, mama, yote ni ya Mungu." Kumbe nilikuwa nacheka. Dorika asiyependa kutembea! Kuna harusi gani kati ya Shieywe na Lugari ambayo Dorika hakuifikia? Lakini simlaumu kijana, hakuwa amezaliwa. Waliojua vile Dorika alianza kutembea tulikuwa watatu tu, yeye, mume wake na mimi, na sasa nimebaki peke yangu. Shule niliachia darasa la nne, kalamu hunichosha kuliko jembe, ila majina ya watu hayanipotei. Basi naandika, wajukuu wasome, kwa sababu mwaka ule Dorika alipopata njia ya kutoka ndio mwaka nami nilipata yangu.

Habari za baba yangu, na za yule aliyenizalisha, nitaziruka. Hazina kazi hapa. Nilifika Shieywe mahindi yakiwa yamepandwa juzi tu. Nilimwacha binti yangu Jentrix kule Matete na mama yangu, Selina. Mtoto alikuwa ndio anaanza kusema maneno mawili matatu. Dorika alikuwa amepasuliwa tumbo hospitalini, na mume wake, Zakayo Lihanda, akamtumia mama ujumbe nije nimpikie mgonjwa wiki mbili hivi. Zakayo alikuwa ndugu ya mama, kwa hiyo kwangu alikuwa khotsa, na kwetu neno la khotsa si neno la kuchezea. Khotsa akikubariki umebarikiwa. Akikunung'unikia, watu husema hata watoto wako hawatasimama vizuri. Hiyo ndiyo kamba niliyofungwa nayo, kabla hata ya kuona kufuli la lango.

Nalo kufuli lilikuwepo. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, sebule imejaa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, viti havikaliwi ila mgeni akija, na jikoni kuko nje, kumeegemea ukuta wa sebule, hivi kwamba ukikaa kwenye kigoda kando ya jiko unasikia hata mtu akikoroga chai ndani. Uwanja ulikuwa wa murram, changarawe nyekundu. Katikati, chini ya paa la mabati lililojengewa yeye pekee, alikaa malkia wa nyumba: gari aina ya Pijo, bluu iliyokolea karibu iwe nyeusi. Khotsa Zakayo aliikodisha harusini. Kwa sababu yake lango lilifungwa mchana na usiku, na ufunguo ulining'inia kwenye mshipi wake. Siku ya kwanza nilimuuliza Dorika, "Na sisi tukitaka kwenda sokoni?" Alikuwa amelala kitandani, ameshika tumbo lisiume akicheka. "Sokoni? Msichana, mimi hapa nimeona harusi moja tu, na hiyo ni yangu. Magari ndiyo hutembeanga katika boma hili."

Nyuma ya ua kulikuwa na karakana ya Mudogo, mchomeleaji wa madirisha na milango, na kila alipokata chuma cheche ziliruka ukuta zikatua kwenye gari. Halafu kuna safari za kule kwenye miwa. Wakichoma shamba kabla ya kukata, jivu jeusi huelea na kushuka juu ya kila kitu, nguo, watoto, ng'ombe. Pijo ilioshwa, ikasuuzwa, ikang'aa, lakini ukipitisha kiganja ilikwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Khotsa aliliona hilo kama ugonjwa. Akamwita fundi wa kupiga rangi, Wekesa, mtu mrefu mwenye kucha zenye rangi za magari ya watu wote wa mji. Wekesa aliingiza mkono ndani ya karatasi ya nailoni iliyokuwa na mkate, akaipapasa boneti polepole amefumba macho, akasema, "Sikia mwenyewe. Ukiwa na karatasi mkononi, hata chembe ndogo inaongea." Nilijaribu baada yao. Ni kweli, nilisikia kila chembe, kama mtama kwenye ungo.

Akatoa mfukoni kipande cha udongo. Si udongo wa shambani. Ulikuwa wa kijivu, wa kuvutika, kama ugali wa jana uliokandwa na mafuta. Alisema umetoka mbali na watu wa magari ndio wanautumia kung'oa kilichong'ang'ania rangi. Khotsa alijaribu akakata tamaa kabla ya kumaliza mlango mmoja, maana mgongo ulimuuma, akaniita nilipokuwa nachambua mrenda. Nilianza kusugua kwa kuzungusha, vile ninavyoosha sufuria, na Wekesa akanishika mkono. "Wewe! Hapo unakuna gari. Usizungushe. Nyoosha, mbele na nyuma, na usikandamize. Uzito wa udongo wenyewe unatosha." Akanifundisha yote. Gari ioshwe kwanza, mchanga wote utoke. Iwe kivulini, boneti imepoa. Maji ya sabuni yawe mengi hata udongo uteleze wenyewe, na yakikauka uache hapo hapo. Fanya sehemu ya ukubwa wa sinia, si zaidi. Mwanzoni unasikia krr, krr, kisha sauti inakufa, na hapo ndipo unajua pamekuwa safi. Geuza udongo utazame. Ukiona weusi, kunja uufiche ndani, utoe uso mpya. "Na ukiuangusha chini," alisema akiutazama ule uwanja wa murram, "usiuokote. Tupa. Changarawe moja ikiingia humo, umeandika jina lako kwa gari ya mtu." Nilimaliza boneti jua likiwa linateremka. Khotsa aliivaa ile karatasi ya mkate, akapapasa. Kisha akasema, "Wekesa, umeona? Kama yai." Laiti ningejua vile neno hilo litanigharimu, ningeisugua kama sufuria mpaka mwisho.

Kipande kile kiliisha baada ya harusi kadhaa. Nawakumbuka mabibi harusi: Phanice, Mildred, na Josephine aliyelia njia nzima. Wekesa alikuwa amesafiri, na khotsa hakuwa mtu wa kungoja. Udongo ni udongo, alisema, na sisi Waluhya tunakosaje udongo? Akaenda Ilesi kwa akina mama wafinyanzi. Aliporudi alitusimulia mwenyewe kwa hasira, tukila ingokho, yaani kuku, naye ana firigisi mkononi, maana firigisi ni ya mwenye nyumba. "Yule mama ananiuliza, unataka wa chungu ama wa jiko? Nikamwambia, wa gari. Wakacheka! Mmoja akaanguka kwa vyungu! Ananiambia, baba, unataka kufinyanga gari?" Dorika aliinama kwenye sahani, mabega yanamtetemeka. Udongo ulikuwa mzuri kwa macho, laini, mwekundu. Nilimwambia, "Khotsa, huu si kama ule," akaniuliza nani katika nyumba hiyo ana gari. Basi nikaupaka sabuni nikaupitisha kwenye buti ya gari. Kivulini hapakuonekana kitu. Alipoisukuma juani, buti yote ilikuwa imejaa vistari vyembamba, maelfu, vimepishana kama utando wa buibui. Baadaye tuliambiwa wafinyanzi hutia mchanga uliosagwa ndani ya udongo ili chungu kisipasuke motoni. Bila mchanga hakuna chungu. Sasa mtu amepaka gari yake mchanga wa Ilesi, na anayeangaliwa ni nani? Mimi.

Wekesa alirudi, akaitibu ile buti kwa polishi mpaka michirizi ikafifia, na akaleta kipande kingine kipya. Nilidhani nitafukuzwa. Niliomba nifukuzwe. Badala yake khotsa aliniketisha kwenye viti vile vya wageni na kuniambia kuanzia leo hakuna mkono mwingine utagusa gari hiyo. Na kwa sababu mkono mgumu huparuza kama udongo mbaya, hayo ni maneno yake, nisishike jembe, nisioshe sufuria kwa jivu, nisivae bangili wala pete. Akaninunulia mafuta ya kukamulia ng'ombe nijipake viganja asubuhi na jioni. Mimi niliyekuja kumsaidia mgonjwa, mgonjwa akaanza kunioshea sufuria na mshono bado unamvuta. Dorika alizisugua karibu nami akinitania, "Keti, bibi wa Pijo. Usije ukapata sugu mume wetu akatuua." Lakini siku nyingine hakutania, aliweka sufuria chini kwa kishindo, nami nikatazama viganja vyangu, laini kama vya mtoto mchanga, na nikavichukia. Watu husema kazi ngumu ni utumwa. Mimi nimelima miaka yote hii, nimevuna mawe kwa jembe, na nawaambia hakuna kazi iliyonibana kama ile ya kukatazwa kazi.

Mahindi ya jirani yalitoa mbelewele, yakakauka, yakavunwa. Nilikuwa nayatazama juu ya ua. Nilipomuuliza khotsa nitaenda lini nyumbani, alisema nikienda Matete Selina atanipa jembe, na mkono utaharibika. Ni kweli angenipa. Mtoto wa kike akirudi kwao na kukaa bure, majirani watasema nini? "Ukitoka hapa bila neno langu," akaniambia, "usiseme tena kwamba una khotsa." Hakupaza sauti. Nilimwaza Jentrix, nikaenda kujipaka mafuta.

Siku moja nikiwa jikoni nakoroga obusuma, ugali wetu, nilisikia Mzee Barasa, wa kwetu Matete, amebisha langoni. Alisema Selina anauliza mimi, Rispa, narudi lini, maana mtoto sasa anamwita yeye mama. Khotsa alimjibu pale pale, bila kufungua. "Mwambie Rispa yuko sawa. Amenona." Nilipotoka na mwiko mkononi, Barasa alikuwa ameshafika kwenye kona. Jioni ile Wekesa alikuja kunywa chai, nami nikasikia yote kupitia ukutani. "Huyu msichana ako na mkono wa pamba," khotsa alisema. "Nikimwachilia nitapata wapi mwingine?" Wekesa akamuuliza, "Si ako na mtoto?" Kijiko kikagonga kikombe. "Mtoto ako na nyanya yake. Mtoto mdogo hajuangi tofauti." Ugali uliungua siku hiyo. Dorika alikwangua ukoko, akautia kwenye sahani yake mwenyewe, akasema sebuleni kwamba ni yeye aliyesahau moto.

Nyinyi mtaniuliza, si ulikuwa unatoka na gari harusini? Nilitoka. Nilikaa kiti cha nyuma, ndoo ya maji ya sabuni katikati ya miguu na vitambaa mapajani, na kabla ya kufika kanisani tulisimama mahali, nikafuta vumbi, nikatazama kama jivu limetua. Bibi harusi akishuka, mimi nilibaki kulinda, kwa sababu watoto hupenda kugusa, na mkono wa mtoto umetoka kwenye mchanga. Chakula nililetewa, mara nyingi mifupa. Sikumbuki kanisa hata moja kwa ndani. Nakumbuka milango ya gari.

Basi ikaja harusi ya Lumakanda, bibi harusi akiitwa Rosebella. Barabara yetu ilipita Matete, na khotsa akasimamisha gari pale pale kwenye soko nifute vumbi. Nilishuka na ndoo yangu, nikatazama huku na huku kama nitaona leso ya mama, na watoto wakaja mbio vile huja, wanapiga kelele, "Arusi! Arusi!" Nilikuwa nimeinama nikifuta mlango. Nikaona kwa pembe ya jicho mkono mdogo umetua kwenye boneti, una vumbi, unateleza juu ya rangi unavyoteleza mkono unaofurahia kitu baridi. Nikafoka, "Toa mkono!" Mtoto akaruka nyuma. Alikuwa na gauni nililomshonea mwenyewe, limeshamfupia. Alinitazama, macho yake yale yale, wala hapakuwa na kitu machoni cha kunijua. Nikasema, "Jentrix." Akageuka akakimbia, akaingia katikati ya wanawake wa ndizi. Niliweka ndoo chini nimfuate. Khotsa akafungua kioo. "Rispa! Ingia. Bibi harusi anangoja." Na mimi, mtu mzima mwenye miguu miwili, niliingia. Mnaposikia mtu akisema amefungwa, msitafute minyororo peke yake. Rosebella aliniuliza kwa upole kama ni mtoto ninayemjua. Nikamwambia ndiyo, namjua.

Niliporudi nilimwambia Dorika. Hakusema pole. Alichambua majani ya isaga, kisha akauliza, "Rosebella alivaa nini?" Nilitaka kumtupia kisu. Lakini aliendelea kuuliza: kuna maua? waimbaji walitoka wapi? keki ilikuwa na ngazi ngapi? Mimi sikujua, niliona magurudumu tu. Akashangaa. "Yaani unapelekwa harusini na huangalii? Ningekuwa mimi ningezunguka hiyo kanisa yote." Hapo ndipo wote wawili tuliacha kuchambua. Tukatazamana. Mwenye kushika udongo ndiye hutoka langoni. Mimi nilikuwa nimeshika kitu nisichotaka, na yeye alikuwa anakitaka kuliko chakula.

Tulijifunzia kwenye sanduku lake la bati la kuolewa, jeusi, rangi yake bado inang'aa kwa sababu halikuwahi kusafiri. Khotsa akitoka, tunalibeba mpaka mlangoni penye mwanga. Nilimpa vipande nilivyokuwa nimebania. Mkono wake ulikuwa mzito, mkono wa mtu aliyesukuma jiwe la kusagia tangu utotoni, na mara za kwanza aliliparuza sanduku mpaka akalia. "Hapana, Dorika, unakanda. Usikande. Upitishe kama unavyombembeleza mtoto alale, ukikandamiza anaamka." Akajifunza kuyafanya maji yawe mengi. Akajifunza kusikiliza. Sufuria tuligawana, za jivu nikazichukua mimi kwa siri, mafuta ya kukamulia akajipaka yeye, na khotsa hakuona, maana alikuwa haangalii mikono ya mkewe.

Mvua za kupanda zilipoanza kunukia, tukasubiri siku ya Ijumaa yenye harusi kesho yake. Dorika aliifanya Pijo yote peke yake, mimi nikimletea maji. Khotsa akaja na karatasi yake ya mkate, akapapasa boneti, akapapasa paa, akaisukuma gari juani na kuchuchumaa atazame rangi kwa upande. Hapakuwa na mstari. "Rispa," alisema, "leo umejishinda." Dorika akasema, "Ni mimi."

Khotsa alicheka kwanza. Kisha akatutazama mikono, wangu na wake, kama mtu anayelinganisha maembe. Dorika alikuwa amesimama kwenye murram, na kiganjani ameshika kile kipande cha udongo, cha pekee kilichobaki. "Huyu ni mtoto wa dada yako," alisema. "Ako na mtoto wake. Mbariki aende. Mimi nitakuwa natoka na gari."

"Wewe utoke uende wapi?"

"Lumakanda. Malava. Kila mahali gari inaenda."

"Dorika, wacha upuzi. Lete hiyo kitu."

Alinyoosha mkono mbele, akaugeuza kiganja kikatazama chini, na udongo ukabaki umeshikwa na vidole viwili tu. "Ukianguka, umekwisha. Wekesa mwenyewe alisema, naye amesafiri tena. Na Mudogo amekata chuma wiki nzima. Gari ya leo imesafishika, ya Jumamosi ijayo utaisafisha na nini?"

"Dorika!"

"Baraka kwanza."

Nilidhani atampiga. Mudogo alikuwa amezima mashine yake nyuma ya ua. Khotsa alitazama udongo, akatazama Pijo, na naapa niliona jinsi macho yake yalivyobaki kwenye Pijo. Akaenda mtungini, akachukua maji kinywani, akaja akaninyunyizia kifuani kama khotsa anavyofanya kwa mtoto wa dada yake. "Nenda salama," alisema. "Usiniseme vibaya kwa Selina." Alifungua kufuli mwenyewe. Dorika hakunisindikiza, alirudi kwenye mlango wa nyuma wa gari, ambao alisema bado una kona haijamridhisha, akanipungia kitambaa bila kugeuka.

Mama alinikuta kwenye njia ya shamba. "Umekuja kukaa ama umekuja kutembea?" aliniuliza, na nilipomwambia kukaa, akanipa jembe bila neno lingine. Jentrix alijificha nyuma ya sketi yake. Sikumkimbilia. Nililima. Kufikia chai ya saa nne viganja vilikuwa vimeshatoka malengelenge, na kufikia alasiri yamepasuka, na kila nilipoinua macho mtoto alikuwa ameketi mwisho wa mstari, ana mkebe wa mbegu, ananilinda kama mwizi. Nikamsikia akimwambia mama, "Mama, huyu ataenda lini?" Mama akamjibu, "Ako na masikio. Muulize mwenyewe."

Alikuja mpaka hatua kadhaa akasimama. "Utaenda lini?"

"Siendi."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Alifikiri. Kisha akausogeza mkebe kwa mguu mpaka ukanifikia. "Weka mbili mbili," akasema. "Si tatu." Nikainama, nikaweka mbili, nikafukia. Akaja juu ya shimo, akatazama, akalikanyaga, akaniambia, "Ingine."